Uzi maalumu: Gari lililolala Uingereza, kodi yake, bima yake na tamko la SORN

Bandiko la 1. Mwanzisha uzi, Milton Keynes

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa sababu katika miezi michache iliyopita nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti, wote Waswahili wenzetu wanaoishi hapa Uingereza na wanaojiandaa kwenda nyumbani kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni hili: nikiliacha gari bila kuliendesha, je, ni lazima niendelee kulilipia kodi na bima? Jibu ni kwamba si lazima, ila ni lazima useme. Usiposema, unahesabiwa kuwa uko barabarani, hata kama gari liko juu ya mawe na injini yake imeshashushwa.

Kosa letu wengi linatokana na tulikotoka. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari katika bajeti ya 2017/18, ikaongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa kila lita, na tangu hapo gari lisilokunywa mafuta halidaiwi kitu. Mtu aliyezoea utaratibu huo anaona ni jambo la akili tu kwamba gari lililolala halina deni. Hapa utaratibu umejengwa kinyume chake: kodi haifuati matairi, inafuata rekodi iliyoko Swansea, kwenye mamlaka ya leseni za madereva na magari inayoitwa DVLA, na rekodi hiyo haijui kama gari lako linatembea au limeota ukungu kwenye mipira ya madirisha.

Zamani mambo yalionekana kwa macho. Tangu mwaka 1921 kila gari lilibandikwa kwenye kioo cha mbele karatasi ya duara iliyoonyesha kwamba kodi imelipwa, na askari aliyepita mtaani aliisoma kwa kuinama tu. Udhaifu wake ulikuwa kwamba aliyekamatwa hana karatasi alisema gari lake halikuwa linatumika, na ilikuwa vigumu kumkanusha. Ndiyo maana tarehe 31 Januari 1998 lilianzishwa tamko la SORN, ambalo kwa maneno yetu ni taarifa ya kisheria ya kwamba gari liko nje ya barabara. Mwaka 2004 mzigo ukahamishiwa moja kwa moja kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari: awe anaendesha au haendeshi, ama alipe kodi ama atoe tamko, na akinyamaza anaandikiwa faini bila mtu yeyote kuliona gari. Juni 2011 bima nayo ikaingizwa katika mtego huohuo, na Oktoba 2014 ile karatasi ya kioo ikafutwa kabisa. Leo kompyuta mbili zinalinganishwa, ya DVLA na ile ya hifadhidata ya bima za magari, na gari lililosajiliwa ambalo halionekani kwenye bima wala kwenye orodha ya SORN linajitokeza lenyewe.

Nimeyajua haya kwa kuumia. Mwaka 2019 mama yangu aliugua nikaenda Tanga kwa miezi minne. Gari, Toyota Yaris, nililiacha mtaani mbele ya nyumba, nikalifunga vizuri, nikachomoa nyaya za betri, kisha nikaikatisha bima kwa sababu sikuona maana ya kulipia bima ya kitu kisichotembea. Kodi niliiacha iendelee kukatwa benki kila mwezi, nikidhani kwamba kwa kulipa kodi nimeshatimiza wajibu wangu. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba kadi ya gari ilikuwa bado na anwani ya chumba nilichohama mwaka mmoja kabla. Niliporudi, mpangaji wa pale alinikabidhi mfuko wa plastiki wenye barua. Ya kwanza ilikuwa ya onyo, ikinieleza kwamba gari langu halina bima na kunitaka nichukue hatua. Ya pili ilikuwa faini ya pauni 100. Ya tatu ilitoka mahakamani. Barua ya kwanza ilikuwa imekaa wiki kumi na moja bila kufunguliwa, na kama ningeisoma siku ilipofika, yale mengine yote yasingetokea. Nililipa, na nilicholipa kilizidi mara kadhaa bima niliyodhani nimeiokoa.

Kwa hiyo utaratibu ninaowashauri ndugu zangu ni huu, na mpangilio wake ndio wenye uzito. Kwanza hakikisha anwani kwenye kadi ya gari, ile V5C, ni ya nyumba ambayo kuna mtu atakayefungua barua zako. Pili liondoe gari barabarani. Tatu toa tamko la SORN. Bima iwe ya mwisho kuguswa, tena baada ya kuhakikisha kwamba rekodi imeshabadilika, jambo ambalo unaweza kuliona mtandaoni kwa kuandika namba ya gari tu. Wengi wetu huanza na bima kwa sababu ndiyo inayouma mfukoni kila mwezi, na hapo ndipo pengo linapofunguka.

Tamko lenyewe halina malipo. Linatolewa mtandaoni, kwa simu, au kwa posta kwa fomu ya V890. Hapa kuna jambo dogo ambalo limewapotosha watu. Ukitumia namba yenye tarakimu 11 iliyoko kwenye kadi ya gari, SORN inaanza saa hiyohiyo. Ukitumia namba ya tarakimu 16 iliyoko kwenye barua ya ukumbusho wa kodi, ile V11, SORN inaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mtu anayekatisha bima tarehe 12 akiwa ametumia namba ya tarakimu 16 amejiachia siku kumi na kitu ambazo gari halina bima na halina tamko.

Ukishatoa tamko, huhitaji kulirudia kila mwaka. Lilikuwa likirudiwa hadi Desemba 2013, na bado nawasikia wazee wetu wa hapa wakikumbushana, lakini sasa linakaa mpaka ulilipie gari kodi tena, uliuze, ulipeleke kuvunjwa, au ulisafirishe nje moja kwa moja.

Karibuni kwa maswali.

Bandiko la 2. Mchangiaji, Leicester

Kaka, nashukuru kwa uzi huu, umekuja wakati muafaka. Ninakwenda Unguja mwezi ujao kwa miezi mitano. Nyumba yetu ni ya zile zilizoungana safu moja, haina uwanja wa mbele, na gari linalala mtaani kwa kibali cha maegesho cha wakazi ambacho ninakilipia kwa halmashauri kila mwaka. Kwa kuwa nimelipia nafasi hiyo, je, naweza kuliwekea gari SORN likiwa palepale?

Bandiko la 3. Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Leicester, haiwezekani, na nafurahi umeuliza kabla hujaondoka. Kibali cha halmashauri kinakupa haki ya kuegesha katika barabara ya umma; hakiifanyi barabara kuwa yako. Gari lenye SORN haliruhusiwi kuwa barabarani hata likiwa limesimama, hata likiwa limefunikwa turubai, hata likiwa halina magurudumu. Wenye magari ya ukaguzi yenye kamera za kusoma namba wanapita mitaani, na gari kama hilo hufungwa mnyororo gurudumuni. Kulifungua ni pauni 100, na likishabebwa kupelekwa yadi inakuwa pauni 200 pamoja na pauni 21 za kulilaza kila siku. Wewe uko Unguja, hujui lolote, na hesabu inatembea.

Adhabu ya kuliweka barabarani gari ambalo wewe mwenyewe umetangaza kwamba haliko barabarani ni kubwa kuliko ya yule ambaye hakulipa kodi tu. Kwa asiyelipa, malipo ya kumaliza shauri nje ya mahakama ni pauni 30 pamoja na mara moja na nusu ya kodi anayodaiwa. Kwa mwenye SORN ni pauni 30 na mara mbili ya kodi hiyo. Likifika mahakamani, kiwango cha juu kinaweza kufika pauni 2,500. Ninadhani ni haki iwe hivyo, kwa sababu tamko ni neno lako mbele ya serikali.

Kwa hali yako una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuliacha mtaani likiwa na kodi, bima na cheti cha ukaguzi cha MOT kwa muda wote wa miezi mitano. Na hapo angalia MOT inaisha lini, kwa kuwa gari lililoegeshwa barabarani nalo linatakiwa kuwa nayo. Ya pili ni kutafuta ndugu au rafiki mwenye uwanja wa nyumba akukubalie, kisha uliweke SORN likiwa kwake. Sheria haidai kwamba ardhi iwe yako. Inadai tu kwamba isiwe barabara ya umma na kwamba mwenyewe ameridhia.

Na tafadhali mweleze mwenye uwanja huo kwamba magurudumu yote manne yawe ndani. Nimeona mwenzetu mmoja aliyeegesha kwenye uwanja mfupi wa nyumba, tairi mbili za nyuma zikawa zimekanyaga njia ya waenda kwa miguu. Njia ile ni sehemu ya barabara.

Bandiko la 4. Mchangiaji, London

Mimi naishi ghorofani, na chini kuna maegesho ya jengo yenye geti. Kila mpangaji ana nafasi yake yenye namba. Je, hapo ni barabarani?

Bandiko la 5. Mwanzisha uzi

Hapa inabidi twende taratibu, kwa sababu sheria ya kodi na sheria ya bima hazilitazami neno barabara kwa jicho moja.

Kwa upande wa kodi, sheria ya ushuru na usajili wa magari ya mwaka 1994 inaitaja barabara ya umma kuwa ile inayotengenezwa kwa fedha za umma. Maegesho yenye geti ya jengo la watu binafsi kwa kawaida hayamo humo, kwa hiyo SORN inawezekana. Kwa upande wa bima, sheria ya usafiri wa barabarani ya mwaka 1988 inakwenda mbali zaidi na kusema barabara au mahali pengine pa umma. Maegesho ya duka kubwa ambako mtu yeyote anaingia anavyotaka ni mahali pa umma hata kama ardhi ni ya kampuni. Geti lenu linalofunguka kwa kadi ya wakazi linakuweka mahali pazuri zaidi kuliko maegesho yaliyo wazi.

Hata hivyo kabla hujafanya chochote soma mkataba wako wa upangaji. Mikataba mingi ya majengo ya aina hiyo inakataza kuweka gari lisilo na kodi kwenye maegesho, na wasimamizi wana haki ya kukutaka uliondoe. Hilo ni suala la mkataba, DVLA haihusiki nalo, lakini litakukuta uko safarini vilevile.

Bandiko la 6. Mchangiaji, Coventry

Salaam kaka, na salaam wana uzi wote. Ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa bima, na ningependa kuongeza kwa upande huo, kwa kuwa naona watu wengi wakichukulia kwamba SORN maana yake ni kutupa bima.

SORN inaondoa ulazima wa bima. Haimlindi mwenye gari. Gari lililolala uwanjani linaweza kuibwa, linaweza kuungua, mti unaweza kuliangukia wakati wa dhoruba, na ukiwa umekatisha kila kitu hasara hiyo ni yako peke yako. Zipo kampuni zinazouza bima ya gari lililowekwa pembeni, inayogharamia moto na wizi tu, na bei yake huwa chini kuliko hata bima ndogo ya kawaida, kwa sababu hatari ya kugonga mtu imeondolewa. Kwa gari la thamani ningeshauri mtu aichukue. Kwa gari la zamani ambalo mwenyewe anajua halizidi bei ya matairi yake, si lazima.

Jambo la pili ni punguzo la miaka ya kutodai, yaani bei ya bima kushushwa kwa miaka uliyoendesha bila kudai fidia. Watu wamejenga punguzo hilo kwa miaka saba au minane ya kuendesha kwa uangalifu, kisha wanaliacha lioze. Kwa kawaida kampuni hulikubali hadi miaka 2 baada ya bima ya mwisho kwisha. Ukikaa nje zaidi ya hapo unaweza kuanza upya kama kijana aliyepata leseni jana. Kwa hiyo unapokatisha bima, omba barua ya kuthibitisha miaka yako siku hiyohiyo na uihifadhi, kwa maana baada ya miaka miwili kuitafuta ni kazi.

Jambo la tatu ni la kisheria, nami nalipenda kwa sababu linaonyesha jinsi nchi zinavyotofautiana juu ya gari lililosimama. Ureno, mwanamke mmoja aliacha kuendesha kwa sababu za kiafya, gari lake likabaki uani kwake bila bima, lakini hakulifuta kwenye usajili. Novemba 2006 mwanawe alilichukua bila ruhusa, gari likatoka barabarani, akafariki yeye na abiria wawili. Mfuko wa kufidia wahanga ulizilipa familia, kisha ukamdai mwenye gari. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Septemba 2018 iliamua kwamba gari lililosajiliwa na linaloweza kutembea lazima liwe na bima hata kama limewekwa kwenye ardhi binafsi na mwenyewe hana nia ya kuliendesha. Kabla ya hapo, mwaka 2014, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua shauri la Slovenia la trekta lililorudi nyuma likagonga ngazi katika ua wa shamba na kumwangusha mtu, ikasema bima ya lazima inahusu hata ardhi ya shamba.

Uingereza haikufuata njia hiyo. Baada ya kutoka Umoja wa Ulaya ilipitisha sheria mwaka 2022 kuondoa athari za hukumu hizo kwa Uingereza bara, kwa hiyo mwenye SORN hapa halazimiki kuwa na bima. Lakini ninyi mlio na ndugu Ulaya bara msiwape ushauri wa uzi huu kama ulivyo. Na hata hapa, kisa cha yule mama kinafundisha jambo la ndani ya nyumba: ukilala na gari lisilo na bima uani, funguo zisilale kwenye msumari wa mlangoni ambako kila kijana wa nyumba anazifikia.

Bandiko la 7. Mwanzisha uzi

Dada wa Coventry, ahsante sana, hilo la barua ya miaka ya kutodai sikulijua mwaka ule na nililikosa.

Niongeze kidogo juu ya marejesho ya kodi, kwa kuwa nimeulizwa pembeni. Ukitoa tamko la SORN, kodi uliyokwishalipa inarudishwa kwa miezi mizima iliyobaki, ikihesabiwa tangu siku DVLA ilipopata taarifa. Miezi mizima ndiyo neno la kushika. Kwa mfano, kwa gari lililotozwa kiwango cha kawaida cha pauni 195 katika mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, kila mwezi mzima ulikuwa na thamani ya pauni 16.25. Ukitoa tamko tarehe 30 unarudishiwa kuanzia mwezi unaofuata. Ukichelewa hadi tarehe 2 umeupoteza mwezi mzima kwa ajili ya siku mbili. Hundi inatumwa kwa jina na anwani iliyoko kwenye kadi ya gari, nasi tumerudi kwenye anwani ileile. Wanaokatwa benki kila mwezi, makato yanasimamishwa yenyewe. Nyongeza ya asilimia 5 wanayotozwa wanaolipa kwa makato ya mwezi, na ile ya asilimia 10 kwa anayelipa miezi sita kwa mkupuo, hairudishwi.

Bandiko la 8. Mchangiaji, Birmingham

Ndugu mwanzisha uzi, mimi ni Mkenya na suala langu ni tofauti kidogo. Nina gari ninalotaka kulipeleka Mombasa kwa meli. Nimelilipia nafasi, lakini meli itachukua muda, na kwa sasa limekaa kwenye yadi ya wakala wa usafirishaji. Nifanyeje kuhusu kodi? Nilitaka kuliacha tu kodi iishe yenyewe, kwa maana likishaingia kwenye meli si la huku tena.

Bandiko la 9. Mwanzisha uzi

Usiliache kodi iishe yenyewe, ndugu yangu. Rekodi ya Swansea haijui kwamba gari limepanda meli. Likibaki pale bila kodi, bila SORN na bila taarifa ya kusafirishwa, utaandikiwa faini ya pauni 80, inayopungua hadi 40 ukilipa ndani ya siku 33, kwa gari ambalo tayari linatembea Nyali kule Mombasa.

Ukiwa unalipeleka kwa kudumu, maana yake kwa zaidi ya miezi 12, kuna sehemu ya kadi ya V5C inayohusu kusafirisha nje. Unaijaza na kuituma DVLA, na kodi iliyobaki unarudishiwa kama ilivyo kwa SORN. Kadi iliyobaki unakwenda nayo, kwa sababu ndiyo itakayotakiwa upande wa pili kwenye usajili. Tengeneza nakala kabla ya kuituma sehemu yoyote. Kwa wale wanaolipeleka kwa muda mfupi, chini ya miezi 12, gari linaendelea kuwa la hapa na linatakiwa kuwa na kodi muda wote.

Kwa kipindi hiki ambacho liko yadi, SORN inafaa kama yadi ni ardhi binafsi na halitarudi barabarani. Lakini muulize wakala neno moja: gari litafikaje bandarini? Kama litabebwa juu ya lori, hakuna tatizo. Kama dereva wao ataliendesha, basi siku hiyo linahitaji kodi, bima na MOT. Kulivuta kwa kamba nako ni kulitumia barabarani, kwa hiyo msije mkadanganyana.

La umri wa gari najua umelitazama, kwa kuwa Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8.

Bandiko la 10. Mchangiaji, Birmingham

Nimekuelewa, ahsante. Wakala amenijibu kwamba litaendeshwa, kwa hiyo nitaacha kodi ya makato ya mwezi iendelee hadi siku ya kupandishwa meli, kisha nitume ile sehemu ya kadi. Wenzangu wa Kenya watakumbuka kwamba mwaka 2024 sisi pia tulikaribia kuwekewa kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ikusanywe wakati wa kukata bima. Iliondolewa kwenye muswada mwezi Juni mwaka huo. Ingepita, gari lililolala bila bima lisingedaiwa, kwa kuwa kodi ingefungwa kwenye bima. Hapa wamevifunga vyote viwili kwenye rekodi ya gari.

Bandiko la 11. Mchangiaji, Reading

Shikamooni wakubwa. Mimi gari langu lina SORN tangu mwaka jana na MOT imeshaisha. Nataka kulirudisha barabarani. Kodi siwezi kulipa bila MOT, na MOT siwezi kuipata bila kuliendesha hadi kituoni. Natokaje hapo?

Bandiko la 12. Mwanzisha uzi

Marahaba, mdogo wangu. Fundo hilo sheria imelifungua yenyewe. Gari lenye SORN linaruhusiwa kuendeshwa kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuwekewa miadi, na kurudi. Huo ndio mwanya pekee. Miadi iwepo kabla hujawasha injini, na uwe na uthibitisho wake kwenye simu, kwa kuwa kamera ya njiani itakuona huna kodi na askari atakusimamisha. Usipitie dukani wala usimshushe mtoto shuleni.

Lakini sikiliza sana hapa: msamaha huo ni wa kodi na MOT, si wa bima. Bima lazima iwe hai kabla gurudumu halijagusa barabara. Adhabu ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na kwa aliyepata leseni ya hapa chini ya miaka miwili, pointi 6 maana yake leseni inafutwa na anaanza mitihani upya. Mpigie wakala wa bima, mweleze kwamba gari lina SORN na linakwenda kukaguliwa, na mwombe aianzishe bima asubuhi ya siku hiyo.

Na kabla ya siku hiyo litazame gari lenyewe. Langu lilipokaa miezi minne, breki za nyuma zilikuwa zimeshikana kwa kutu, tairi zilikuwa zimebonyea upande mmoja zikawa zinadunda barabarani, na betri haikushika chaji tena. Lijaze upepo, liwashe uwanjani, lisogeze mbele na nyuma mara kadhaa, ujaribu breki. Ukaguzi ukipita, lipa kodi mtandaoni, na tamko la SORN linajifuta lenyewe siku kodi inapoanza.

Bandiko la 13. Mchangiaji, Coventry

Naomba kuongeza neno kwa wanaouziana magari, kwa kuwa ofisini naliona mara kwa mara. SORN haihami na gari. Ukinunua gari lenye SORN kwa mwenzako, tamko lake limekwisha pale pale alipokukabidhi. Wewe unatoa lako, kwa kutumia ile karatasi ya kijani ya mmiliki mpya, au unalipa kodi kabla ya kuliendesha kwenda nalo nyumbani. Kodi nayo haihami tangu Oktoba 2014. Mwuzaji anarudishiwa miezi yake mizima, mnunuzi analipa kuanzia tarehe mosi ya mwezi huohuo, na mwezi wa mauziano unalipwa na watu wawili.

Mwenye gari akifariki ni hivyohivyo. Taarifa ya kifo ikifika DVLA, kodi inakatishwa na gari halitakiwi kubaki barabarani hadi mtu mwingine alichukue kwa jina lake. Bima ya marehemu nayo msiitegemee kulihamisha. Ulizeni kampuni kwanza. Nimeona familia iliyokuwa katika majonzi, watoto wakiliendesha gari la baba kwenda na kurudi msibani kwa wiki nzima, bila hata mmoja wao kujua kwamba hawana bima.

Bandiko la 14. Mchangiaji, Leicester

Kaka, narudi kutoa mrejesho. Shemeji yangu anayeishi Loughborough amenipa uwanja wa nyumba yake. Jana jioni nimelipeleka gari likiwa na kodi na bima zake, magurudumu yote manne yako ndani ya mstari wa ukuta, nikapiga picha. Leo tarehe 28 asubuhi nimetoa tamko kwa namba ya tarakimu 11, na nilipoandika namba ya gari mtandaoni mchana imeonekana kwamba lina SORN. Bima nimeibadilisha kuwa ya moto na wizi kuanzia kesho, na barua ya miaka yangu sita ya kutodai nimeipata kwa barua pepe. Anwani ya kadi ilikuwa sahihi, ila mke wangu nimemwonyesha bahasha za DVLA zinavyofanana ili asiziweke pamoja na matangazo ya pitsa.